Ukurasa wa Vijana: Kabla ya kujaza chupa



Kila mwaka wa masomo inafika siku ambapo mwalimu wa biolojia ao wa kemia anasema: «Kila kundi lilete kazi moja juu ya mazingira.» Na hapa kwetu, katika miji ya shaba, kazi inayokuja kwanza mu kichwa ni maji. Si ajabu. Ku Kolwezi kuna Musonoi na Luilu. Ku Likasi kuna Panda, inayoenda kuingia katika Lufira. Ku Lubumbashi kuna Kafubu, na ule mto mdogo uliopa mji jina lake. Na kila kartie iko na mzee mmoja anayesema: «Hapa, zamani, tulikuwa tunavua samaki.»

Basi kundi linaenda ku mto siku ya posho. Linajaza chupa mbili, linarudi, linaangalia chupa ku mwangaza wa dirisha, kisha linaandika mu kaye: «Maji ya mto wetu ni machafu sababu ya mgodi.» Mwalimu anatia pointi, kaye inafungwa. Sasa niulize: kundi hilo lilivumbua nini? Liliandika tu neno ambalo kila mtu alikuwa analisema tangu mbele. Pengine ni kweli. Lakini kazi yao haikuonyesha ukweli huo. Mtu wa kampani akiisoma atacheka, na mama anayechota maji pale atabaki na swali lake lile lile.

Mwezi huu tupange pamoja kazi moja inayoweza kusimama hata mbele ya mtu asiyependa kuiamini. Haitaki mashine. Inataka makopo, jani dogo la maji na siku saba. Zaidi ya yote inataka muketi pamoja na kupanga, kabla hamujajaza chupa ya kwanza.

Swali lipunguzwe

«Maji ya mto wetu ni mazuri ao mabaya?» Swali hili ni kubwa mno kwa kundi la wanafunzi watano. Mazuri kwa nani? Maji ambayo samaki anapenda, mtoto akiyanywa anaweza kuhara mpaka kufa. Maji ambayo yanafaa kwa kulowanisha mihogo, pengine hayafai kwa kumwagilia mboga. Kwa hiyo punguza, punguza tena, mpaka swali liingie ndani ya kopo.

Kwa mfano hivi: «Je, jani dogo linaloelea linaongezeka sawasawa katika maji ya upande wa juu wa daraja, na katika maji ya upande wa chini?» Chagueni daraja ao fasi ingine ambapo kitu fulani kinaingia katika mto: mfereji wa kartie, maji ya kusafishia mawe, ao kijito kinachotoka upande wa mgodi. Maji ya juu ni yale ambayo hayajakutana na kitu hicho. Maji ya chini yamekwisha kukutana nacho. Tofauti ya haya mawili, njo kazi yenu. Ni hiyo tu.

Jani lenyewe munalijua, hata kama hamulijui jina. Ni kale kadogo ka kijani kanakofunika maji yaliyosimama, kanakopendwa na bata. Kamoja ni kadogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga, na chini yake kuna mzizi mmoja kama uzi. Wenye elimu wanakaita lemna. Juu ya nini tunachagua haka? Sababu hakana udongo wa kukakinga. Jani na mzizi vinagusa maji moja kwa moja. Maji yakiwa na kitu kibaya, lemna inakipokea yote. Tena inazaa upesi: ikiwa na chakula, mwangaza na joto, inaweza kujiongeza mara mbili katika siku mbili ao tatu hivi. Musifikiri kama huu ni mchezo wa watoto. Laboratwari kubwa za dunia zinapima sumu ya maji kwa jani hili hili, na iko kanuni ya kimataifa ya kufanya vile, iliyokubaliwa mwaka 2006, inayoomba siku 7. Tutafuata siku hizo.

Kopo la kulinganisha

Hapa naomba mutulie kidogo, sababu ni hapa kazi nyingi zinaanguka.

Mwaka 2009, wapelelezi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Banza Lubaba Nkulu na wenzake, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walitangaza kazi yao juu ya watu wanaokaa karibu na migodi ya Katanga. Walipima metali katika mkojo wa watu 351. Waliona kobalti nyingi, kupita yote iliyokuwa imekwisha kuandikwa mahali popote kwa watu wa kawaida, ni kusema watu waliochukuliwa katika makao yao na si wafanyakazi wa kiwanda tu. Habari hiyo ilizunguka dunia. Lakini angalieni walivyoipanga. Kati ya watu hao 351, 40 walikuwa wanakaa kilometa 400 mbali na eneo la migodi. Walipimwa kwa nini, ikiwa hawana mgodi? Kwa sababu bila wao, hesabu ya wale wa karibu haisemi kitu. Nikikuambia: «Mkojo wako una kobalti kiasi fulani», utaniuliza mara moja: «Na wa wengine je?» Wale 40 njo walikuwa jibu la swali hilo.

Kopo lenu la kulinganisha linafanya kazi ya wale 40. Lemna ikikufa katika maji ya chini ya daraja, mtu atasema: «Ah, majani yenu yalikuwa yamechoka tangu siku mulipoyatosha.» Ao: «Pale dirishani kuna jua kali.» Lakini kama majani ya bwawa lile lile, ku dirisha lile lile, siku ile ile, yamezaa vizuri katika maji mengine, mtu huyo atanyamaza.

Basi tuyapange makopo tisa ya namna moja, yaliyooshwa vizuri na kusuuzwa mara nyingi, sababu sabuni nayo inaua lemna. Matatu ya maji ya juu, matatu ya maji ya chini, matatu ya kulinganisha. Kwa haya ya mwisho kamateni maji ya robine na muyaache wazi siku moja nzima ili klori itoke.

Kwa nini matatu matatu? Sababu mdudu ataanguka katika moja, na mdogo wako atapindua lingine. Lakini kuna sababu kubwa zaidi. Tuseme, kwa mfano tu, kama makopo matatu ya maji ya juu yamefika majani 38, 41 na 36. Hapo unaweza kuamini, yanasema neno moja. Lakini yakifika 12, 50 na 31, maji ni yale yale na majibu ni matatu. Basi usijisifu juu ya tofauti ya juu na chini, kwanza tafuta ni nini iliyochafua hesabu yako. Kundi lenye kopo moja moja haliwezi hata kujua kama lina shida hiyo.

Sasa mtego ambao wengi hawauoni. Lemna inakula. Inakula nitrati na fosfati zilizo katika maji. Maji ya mfereji wa kartie, yenye sabuni ya kufulia na uchafu wa vyoo, ni karamu kwake. Maji safi ya robine ni njaa. Ukiyaacha hivyo, baada ya siku saba utaona lemna nyingi katika maji machafu na kidogo katika maji safi, na utaandika kama mfereji ni mzuri kuliko robine! Njo maana kila kopo lipewe chakula kile kile. Tieni punje tatu ao nne za mbolea ya mahindi, ile ya NPK, katika lita moja ya maji ya robine yaliyokaa siku moja, muache ziyeyuke, kisha mutie kijiko kimoja cha maji hayo katika kila kopo kati ya yale tisa. Kijiko kile kile, si kimoja kilichojaa na kingine nusu. Hapo njaa imeondoka, na tofauti itakayobaki itakuwa na maana.

Kila kopo maji kipimo kimoja, na majani 10 mazima ya kijani. Yawekwe yote fasi moja yenye mwangaza lakini si ku jua kali, na kila asubuhi muyabadilishane nafasi, lile la pembeni liende katikati. Maji yakipunguka kwa joto, ongezeni kidogo ya robine yaliyosimama, kwa makopo yote. Halafu funikeni na kipande cha chandarua, sababu siku saba za maji wazi ni nyumba ya mbu, na sisi hatutaki kuleta malaria ku nyumba kwa ajili ya pointi za masomo.

Anayehesabu asijue

Hesabuni majani siku ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba. Kila kijani kinachoonekana, hata kitoto kinachochungulia pembeni ya mama yake, ni kimoja. Andikeni pia rangi: kijani, manjano, nyeupe. Angalieni mizizi kama ni mirefu ao imekatika.

Hapa kuna jambo la moyo, si la kemia. Baba ya mmoja wenu anakula mkate wa kampani. Baba ya mwingine alifukuzwa kazi na kampani ile ile. Wa tatu, nduguye ni mchimbaji wa mikono na anasukuma majuto yote kwa wengine. Hakuna mtu anayehesabu majani akiwa hana moyo. Kijani kilicho nusu manjano, mmoja atakihesabu kama kizima, mwingine kama kilichokufa, na wote wawili watafikiri wanasema kweli.

Dawa yake ni rahisi. Chini ya kila kopo, mtu mmoja aandike alama, A, B, C mpaka I, na karatasi inayosema A ni maji gani ikae kwa mwalimu katika bahasha. Wanaohesabu wasiione mpaka jioni ya siku ya saba. Hamutakosa siku nzuri kuliko ile ya kufungua bahasha, niwahakikishie.

Kuhusu kugawanya hesabu, tuseme tena kwa mfano: majani 10 yamekuwa 40 katika siku 7. Kumi yalikuwa ishirini, ishirini yakawa arobaini; ni kujiongeza mara mbili, mara mbili. Basi kila kujiongeza kulichukua siku tatu na nusu. Katika kopo lingine 10 yamefika 20 tu: kujiongeza kumoja, siku 7. Andikeni hivyo, sababu «siku tatu na nusu» na «siku saba» mama yako ataelewa mara moja, hata kama hakusoma kemia.

Rangi ya manjano haina jina

Lemna imekuwa manjano katika maji ya chini. Wote wanapiga kelele: «Shaba!» Ngojeni.

Ni kweli kama shaba inafanya hivyo. Kidogo yake ni chakula, kila mmea unaihitaji. Ikizidi inachoma mizizi na kuzuia jani kutengeneza kijani chake. Njo maana sulfati ya shaba imetumiwa tangu zamani kwa kuua majani ya mabwawa, na wakulima wa mizabibu waliipulizia kwa kuua ukungu. Lakini asidi nayo inafanya manjano. Chumvi nyingi, sabuni, mafuta ya gari, hata kukosa chuma. Jani linasema: «Naumwa.» Halisemi jina la ugonjwa. Ili kutaja shaba ao kobalti, sharti laboratwari ipime, na kama hamuna njia hiyo, muandike «kitu fulani katika maji ya chini kimepunguza kuzaa kwa lemna», mukomee hapo. Neno hilo ni dogo, lakini hakuna atakayeweza kulivunja.

Asidi munaweza kuitafuta kidogo wenyewe. Kama masomo yenu yana karatasi ya pH, vizuri. Kama hayana, chemsheni maua mekundu ya ngai-ngai, yale ya kutengenezea juisi, na mutie matone machache katika maji: asidi kali itabaki nyekundu, na maji yenye chokaa ao majivu yataenda upande wa kijani. Itaonyesha kali tu, si ile ndogo. Na kuweni macho kwa jambo moja la nchi yetu: mawe mengi yenye shaba hapa Katanga yanakaa pamoja na dolomi, jamaa ya chokaa, na chokaa inakula asidi. Kwa hiyo maji yanaweza kuwa bila asidi na bado kubeba metali. pH nzuri si cheti cha afya.

Nguvu ya asidi, jirani zetu wa Zambia waliiona. Tarehe 18 Februari 2025, ukuta wa bwawa la mabaki ya kampani Sino-Metals Leach Zambia ulipasuka karibu na Chambishi, na maji ya asidi yakaingia kijito Mwambashi, kisha mto Kafue. Samaki walikufa mbali sana chini ya mto, na mji wa Kitwe ulifungiwa maji. Serikali ilimwaga chokaa katika mto, hata kwa ndege, ili kuvunja asidi. Mutu aliyeelewa lile tone la ngai-ngai katika kopo ameelewa ile ndege ilikuwa inatafuta nini.

«Sasa tunaweza kunywa?»

Nimesema swali la mama litakuja. Atasimama mlangoni, ataangalia makopo yenu, atasema: «Hii mayi ya huku, majani ilikomea muzuri. Basi tunaweza kunywa?»

Jibu ni hapana. Ni jibu ambalo kila mmoja wa kundi sharti alijue kwa kichwa kabla kazi haijaanza.

Lemna haiogopi kipindupindu. Maji yenye uchafu wa choo, yanayoweza kuzika nyumba nzima katika wiki moja, lemna inanenepa ndani yake. Tumeona kama ni karamu kwake. Na wapelelezi walikuta vijidudu vya kipindupindu vinajishika hata juu ya majani ya maji. Kwa hiyo kijani kizuri hakisemi kitu juu ya vijidudu.

Upande mwingine kuna hatari inayofichama zaidi. Kuna maji maangavu kabisa, unaona mchanga wa chini, hata utelezi juu ya mawe hakuna. Watu wanasema: «Mayi iko safi, hata jani haina ndani.» Katika nchi ya shaba, maji yasiyo na jani wala utelezi wala kidudu yaulizwe kwanza. Pengine ni chemchemi tu inayotoka katika mwamba. Pengine ni maangavu kwa sababu kila kilichotaka kuishi ndani yake kimekufa.

Na kuchemsha? Kuchemsha kunaua vijidudu, na mama anayechemsha maji anafanya vizuri sana, asiache. Lakini metali haichemki. Maji yanapoenda kwa mvuke, shaba inabaki katika sufuria, na kwa kila kopo inakuwa nyingi kidogo kuliko mbele. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa shaba katika maji ya kunywa kuwa miligramu 2 kwa lita. Hakuna jicho linaloona miligramu mbili, wala ulimi musiujaribu. Tafadhali sana: hakuna mtu wa kundi anayeonja maji ya kazi hii, hata kwa ncha ya ulimi, hata kwa kuchekesha wenzake.

Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa raporo, juu kabisa, mbele ya hesabu zote, andikeni kwa herufi kubwa: KAZI HII HAIONYESHI KAMA MAJI YANAFAA KUNYWA. Raporo inatembea. Leo iko kwa mwalimu, kesho iko kwa shefu wa kartie, kesho kutwa mtu atasimulia nusu yake ku kisima.

Majani yanayosafisha

Kundi lingine litapenda kuonyesha kama majani yanasafisha maji. Ni kazi nzuri pia, na kopo la kulinganisha ni lile lile: ndoo yenye matete na udongo, ndoo yenye udongo bila matete, maji ya matope yale yale. Matete na mafunjo yanapunguza mbio ya maji, matope yanatulia chini, mizizi inashika sehemu ya metali.

Lakini museme yote. Mmea haumalizi shaba, unaishika tu. Mmea ukikufa na kuoza pale pale, shaba inarudi katika maji na katika matope. Kusafisha kwa kweli kunaomba mtu avune majani hayo na kuyapeleka fasi ambapo mbuzi hatayala. Sehemu hii ya mwisho vitabu vingi vinaipita mbio.

Tena nawaomba, musitumie jasenti ya maji, ile yenye maua ya rangi ya zambarau, ikiwa haiko tayari katika mto wenu. Ilitoka Amerika ya Kusini. Katika mto Kongo ilianza kuonekana katika miaka ya 1950, ikafunga njia za mitumbwi, na hata leo inaelea kama visiwa. Inaweza kujiongeza mara mbili katika wiki mbili hivi. Kwa sura ni nzuri, hapo njo ubaya wake: watu wanaibeba.

Kwenda ku mto

Musiende peke yenu. Mtu mzima awe pamoja nanyi, na mwalimu ajue siku na saa. Musiingie ndani ya uzio wa kampani wala musikaribie mabwawa ya mabaki, matope yake yanameza mguu na hayarudishi. Swali letu la juu na chini ya daraja halihitaji kuingia popote. Barabara ya watu wote inatosha. Fungeni chupa ku fimbo ndefu ili musikanyage maji, mujaze upande wa chini kwanza, kisha mupande juu, ili matope munayoyavuruga yasiingie katika chupa zenu. Siku moja, saa moja. Andikeni kama mvua ilinyesha usiku, sababu mvua moja kubwa inageuza mto wote. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula.

Shefu wa kartie aambiwe mbele. Si kwa woga. Mtu akiona vijana wanafunga chupa karibu na mgodi atauliza, na ni vizuri jibu liwe limefika kabla ya swali.

Siku ya saba, hesabu ikiisha, maji yamwagwe katika choo, si katika mto wala katika shamba la mboga. Lemna ikaushwe juani na kuzikwa. Hata moja isitupwe katika bwawa ambalo haikutoka.

Kundi litakalofanya kazi hii lituandikie. Tunataka hesabu za makopo yote tisa, pamoja na lile lililopinduliwa na mdogo wenu, na mutuambie mahali gani pa mto mulichota. Tukipata hesabu za Likasi, za Kolwezi na za Lubumbashi, tutaziweka zote katika ukurasa huu, moja kando ya ingine.